Ngao ya Moscow na Ua wa Nainokanoka

Redio ndiyo iliyonipeleka Nainokanoka, kijiji cha Wamaasai huko juu Ngorongoro. Mama Sironka alisikia kwamba rais wa Marekani anataka kujenga ngao angani ya kuzuia makombora ya Warusi, na mwanawe Sironka, niliyemfundisha mimi, anasoma uhandisi Moscow. Akaniletea neno kupitia watu wa mnadani: "Mwalimu aje anieleze kama vita inakuja, na kama mtoto wangu atapona." Swali kama hilo halijibiwi kwa salamu za kutumana.

Asubuhi Karatu ilikuwa vumbi na foleni ya mafuta. Nilipata lori la unga lililokuwa likipanda Ngorongoro, nikakaa juu ya magunia. Njia nzima nilipanga maneno ya kumtuliza, nikajiona hodari.

Kuanzia geti la hifadhi ukungu ulitufunika. Kwenye ukingo wa kreta, watalii wawili walikuwa wakipiga picha za weupe mtupu. Lori liliniacha njia panda, nikatembea hadi viatu vikalowa chapachapa.

Alasiri niliingia bomani. Mama Sironka alikuwa akiziba pengo la ua kwa matawi ya miiba.

"Yeyo, takwenya," nikamwamkia mama kwa Kimaasai.

"Iko. Karibu, mwalimu. Sema kwanza, maziwa baadaye."

Nikasema. Miaka ya nyuma mataifa yale mawili yalianza kuunda makombora ya kuangusha makombora. Yakaona hatari, yakatia saini mkataba kwamba kila moja libaki na ngao ndogo tu. Wamarekani yao wakaifunga. Ya Warusi ipo, na inalinda Moscow.

"Kwa hiyo mwanao yuko ndani ya ua," nikamalizia, nikitabasamu.

Yeye hakutabasamu. "Mbona mtu akubali kupunguza ua wake?"

"Kwa sababu ukiuongeza, adui naye anaongeza mishale."

Akaweka tawi chini. Nami ndipo nilipokumbuka. Mwaka mmoja wizi wa ng'ombe ulipozidi, mumewe alizungusha ua mara mbili, peke yake kati ya majirani. Wezi waliokuwa wakija wachache wakaja kundi zima, na kaka yake Sironka akafa pale langoni.

"Basi wakigombana," alisema, "hapo kwa mtoto wangu ndipo watatupa mishale mingi."

 Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na Sironka alifuata masomo tu. Maziwa yakaja, nikayanywa bila kusikia ladha.

Kesho yake alinisindikiza hadi barabarani, akanipa shuka nyekundu nimtumie kijana. "Mwambie asilale ndani ya ua huo. Akalale kwa watu wasio na ua."

Nilirudi Karatu kwa lori lile lile, sasa tupu. Nilikwenda kumtoa mama hofu, nikamwongezea, na nyingine nikabeba mimi. Nimejua sasa kwa nini wakubwa wenye silaha zote walikubali kulala mlango wazi, na naogopa siku watakapochoka kulala hivyo. Shuka nimeituma, na maneno ya mama yake nimeyaandika kama alivyoyasema. Mahali pa kulala pasipo na ua sikujua nimwelekeze wapi.