Damu Imepanda

Niliporudi Palma kutoka mji mkuu, Lourenço Marques, nilikotibiwa saratani ya kizazi kwa mionzi, niliharisha mwezi mzima. Sikwenda harusini wala msibani, maana sikuweza kukaa mbali na choo. Mume wangu alikuwa amevuka Ruvuma kujiunga na wapigania uhuru, na barua hazikufika.

Kila Jumatatu muuguzi alinipima damu, kwa kuwa mionzi ilikuwa imeipunguza. Siku moja akasema, "Mama, damu imepanda. Kawaambie nyumbani."

"Haya, mwanangu," nikamjibu.

Nyumbani hapakuwa na wa kuambiwa. Nikapitia kwa mwanamke aliyeuza muhogo wa kuchemsha, nisiyemjua, nikamwambia yeye.

"Kwani ulikuwa unaumwa?" akaniuliza.

Nikaketi, nikamweleza yote mpaka muhogo wake ukapoa.