Zamu Aliyonyimwa Kalunde

Katika mwethya wa kina mama wa karibu na Zombe, kikundi cha kuchimbiana matuta ya kuzuia udongo shamba kwa shamba kabla ya mvua, Kalunde alijulikana kwa jambo moja: hakuwa na maneno. Wenzake wakiimba, yeye aliitikia kwa jembe. Walisema anaringa. Alinyamaza, na kunyamaza huko kukawa ushahidi.

Rafiki alikuwa naye mmoja tu, Ndila. Waliolewa mwaka mmoja kwenye maboma yanayotazamana, na kwa miaka ishirini walikutana jioni kusokota nyuzi za kusukia vikapu vya vyondo, kila mmoja na katani yake pajani. Jioni nzima ingeweza kupita bila neno. Siku Ndila alipomzika mtoto wake wa tatu, waombolezaji walihubiri mpaka wakakauka koo, wakaenda zao. Kalunde alikuja na katani yake, akaketi. Mbele yake peke yake ndipo Ndila alipolia.

Mwaka wa 1979 Ndila alirudi kutoka hospitali amepooza upande mmoja. Syombua, mwenyekiti wa mwethya, akagawa zamu za kumtunza, wawili wawili: maji, uji, nyimbo na maombi. Jina la Kalunde halikusomwa. Alipouliza, Syombua alimjibu mbele ya wote.

"Mgonjwa anataka kuchangamshwa, Mama Mulei. Wewe utamkalia tu kama jiwe la kusagia."

Wakacheka, hata wale aliowachimbia matuta wiki iliyotangulia.

Siku nne Kalunde aliipiga ardhi kana kwamba ndiyo iliyomtukana. Miaka ishirini, na leo ananyimwa zamu kama mgeni na watu ambao wakitoka kwa Ndila humsahau kabla ya kufika mtoni! Siku ya tano akaliacha jembe katikati ya mtaro, akaenda.

Chumba kilikuwa kimejaa. Waliimba na kupiga makofi, na Ndila alikuwa amegeuzia ukuta uso, mkono wake mzima umeziba sikio. Hakuna aliyeuona mkono huo.

"Tokeni," Kalunde alisema.

Wimbo ukakatika. "Kumbe bubu ana ulimi," Syombua alisema. "Na umeutunza miaka yote uje ututusi nao?"

"Mwangalieni mgonjwa wenu. Mnamwimbia nani?"

Syombua alifunga leso yake upya kiunoni, polepole, akamkumbusha kwamba wiki ijayo ilikuwa zamu ya shamba lake. Basi na ajichimbie mwenyewe.

"Nitajichimbia."

Hapo Ndila akageuka. Alimtazama Syombua, na maneno yakamtoka mazito, upande mmoja wa mdomo. "Mama Jonah, mkitoka, rudishia mlango."

Walitoka wakinung'unika. Kalunde alichukua katani, akaanza kusokota, lakini aliuvuta uzi kwa hasira, ukakatika mara tatu. Ndila alimtazama tu, kisha akalala.

Hasira hiyo haikuisha. Mvua ilipofika ilibeba hadi mtoni udongo wa nusu ya shamba lake, ile ambayo peke yake hakuwahi kuichimbia matuta, na wanawake wakamcheka njiani. Alikuwa akienda kwa Ndila.