Turubai la Mama Goreti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilitoka kambini nimekumbatia turubai kuukuu kana kwamba nimeokota dhahabu. Nilikuwa msichana mwenye kujiona. Nilichora, nilifinyanga, nilishona vitambaa, nilirekodi sauti za watu kwenye kaseti, na kila mtu akiniambia nichague kazi moja. Nilikataa, na mpaka leo nakataa. Hilo silo kosa langu, usiniangalie hivyo.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walikuwa wengi kwetu, nami nilipanda lori kutoka mtaani kwetu Katubuka kwenda kambini kufundisha akina mama kushona. Niliyempenda zaidi ni Mama Goreti, mama mpole wa maneno machache. Goreti alikuwa binti yake wa kwanza. Homa ilimchukua humo kambini kabla sijafika. Yeye na mumewe walipotezana njiani wakati wa kukimbia, na bado alikuwa akimsubiri.

Siku hiyo waligawa maturubai mapya. Mama Goreti akiwa kwenye foleni ya mgao wa mahindi, majirani wakamsaidia kubadilisha kuta za kibanda chake, la zamani wakalitupa chini. Mwanangu, moshi wa kuni ulikuwa umelipatia rangi ambayo duka lolote la mjini lisingenipa. Lilikuwa na mistari ya mkaa pembeni, nikaiona uchafu tu. Maonyesho yetu yalikuwa karibu, sikumsubiri mwenyewe; nikamwuliza jirani kama naweza kulichukua. Akasema chukua, bovu hilo. Nikajihesabu nimeomba ruhusa!

Nyumbani nikalisugua kwa sabuni, nikapaka rangi nyeupe sehemu ya chini, juu yake nikachora wanawake wamejitwika kuni. Tukafanya maonyesho Ujiji, watu wakasifu, nami nikavimba kichwa. Nikahangaika mpaka Mama Goreti akapewa kibali cha kutoka kambini, maana nilitaka aone ukuta wake ulivyopendeza.

Alisimama mbele ya lile turubai. Kisha akapitisha kidole kwenye ile rangi nyeupe, akaniuliza mistari iko wapi.

Ndipo akanieleza. Alikuwa akimsimamisha Goreti ukutani, akimpima urefu na kuutia alama kwa mkaa, ili baba akija aone mtoto alivyokua wakati yeye hayupo. Picha ya mtoto hakuwa nayo hata moja.

Nililia palepale mbele ya wageni. Nikatafuta kisu nikwangue rangi, akanishika mkono. Hakunifokea, na heri angenifokea. Alinisimamisha wima, akaweka kiganja chake ubavuni mwangu.

"Alifika hapa," akasema. "Baba yake akija, utakuja kusimama nimwonyeshe."

Yule baba alikuja, masika mawili baadaye. Nikapanda lori. Nikasimama katikati ya kibanda, mikono nimeishusha, Mama Goreti akaweka kiganja palepale. Mumewe akapiga magoti, akakitazama kiganja kile kama anayemtazama mtu usoni. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo, nyingine zimevuka ziwa na kufika mbali, lakini hakuna iliyotazamwa vile.

Basi mwanangu, wewe ambaye leo unachora, kesho unapiga picha, keshokutwa uko jukwaani unacheza, endelea, usikubali kubanwa. Ila kitu cha mtu usikiguse mpaka mwenyewe arudi kutoka kwenye foleni. Jirani si mwenyewe. Muulize kitu hicho ni nini kwake, halafu nyamaza umsikilize. Akikukatalia, rudi nyumbani mikono mitupu na umwache na amani yake. Usije ukasingizia haraka ya maonyesho; mimi niliisingizia.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe uvumilivu wa kuuliza, akulinde na sifa za watu wasiojua ulichofuta, na kila utakayemchora asimame mbele ya kazi yako akajione yuko mzima. Nenda salama, mwanangu.