Zamu ya Jumanne

Sisi tuliokulia Minnesota, huku Marekani, miaka ya tisini tunajuana hata bila kutambulishwa. Ukimwona mtu mzima anaingia ndani na kukung'uta miguu mlangoni mara mbili kabla ya kusalimia, na huko nje ni mwezi wa saba jua linawaka, huyo ni wa kwetu. Tulicheza rede, ule mchezo wa kujaza chupa mchanga huku unakwepa mpira, kwenye maegesho ya magari ya fleti zetu pale Burnsville. Mpira ulikuwa soksi iliyoshindiliwa soksi nyingine, na kwa kuwa mchanga hatukuwa nao, chupa tuliijaza theluji. Makoti yalikuwa manene kiasi kwamba aliyepigwa mpira hakujua kama amepigwa, na ugomvi wa hapo haukuwa na mwisho. Watoto wa siku hizi wanacheza wamekaa, kila mmoja na kioo chake, na akishindwa anazima. Enzi hizo ukishindwa ulishindwa mbele za watu, ukarudi nyumbani na makamasi yaliyoganda.

Lakini nikitaja utoto wangu nataja kanisa, na si lile la juu lenye vioo vya rangi. Hilo lilikuwa la Wazungu wenyewe. Letu lilikuwa chini yake, kwenye ukumbi wa chini ya ardhi mjini Minneapolis, saa nane mchana, wenyewe wakishamaliza ibada yao na kahawa yao. Kulinuka kahawa ya tangu asubuhi, nta ya sakafu na makoti yenye unyevu, na mwanzo wa kila wimbo bomba za hita ziligonga ukutani kabla hatujashika sauti.

Wazazi wetu wengi walitoka Ugogo, na wachache Kenya, nao walihama na parokia nzima ndani ya masanduku yao. Parokia yenyewe babu zetu waliachiwa na wamishonari wa Kiingereza, na wale nao waliikata kwa kipimo cha vijiji vya kwao: kengele, wazee wa kanisa, Chama cha Akina Mama, sikukuu ya mavuno, matangazo ya ndoa Jumapili tatu mfululizo, zamu ya maua, zamu ya wagonjwa. Basi na Minnesota ikagawanywa kuwa mitaa. Kulikuwa na mtaa wa Burnsville, mtaa wa Inver Grove na mtaa wa Minneapolis. Kati ya mtaa na mtaa ni mwendo wa gari kwenye barabara kuu, lakini mzee wa mtaa alitakiwa kujua nani ana mafua. Siku ya mavuno, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na shamba, tulipeleka madhabahuni makopo ya mahindi na maharage, tukayaombea kama tuliyalima. Mzungu mmoja mzee, mwenye kushika funguo za jengo, alikuwa akisimama mlangoni kututazama. Bibi yake alizaliwa kijijini Uingereza, na alituambia kuwa bibi huyo angetuelewa sisi upesi kuliko angewaelewa wajukuu zake mwenyewe.

Kanuni za Chama cha Akina Mama zilikuwa kwenye kijitabu cha jalada la bluu kilichochakaa. Mimi nakumbuka moja tu, ya nne: mgonjwa haachwi peke yake. Kila siku ya juma ilikuwa na mwenyewe, na siku hiyo mgonjwa yeyote akilazwa, mwenye zamu anakwenda kukaa kando ya kitanda, awe ni ndugu au si ndugu. Mama yangu alikuwa katibu wa zamu. Mchana aliwaogesha na kuwalisha wazee wa Kizungu kwenye nyumba ya wazee, na akitoka huko anaanza kazi za Chama. Jumanne ilikuwa yake. “Mgonjwa haulizwi uji,” alikuwa akisema, huku anafunga chupa ya chai iliyojaa uji wa moto.

Bibi Damari aliishi jengo la pili kutoka letu. Alikuja kutoka Ugogo kumlelea mwanawe Elia watoto wawili, kwa sababu mke wa Elia alikuwa bado hajapata viza, na Elia mwenyewe alikuwa dereva wa lori, wiki nzima yuko barabarani. Sandukuni alikuja na mlenda mkavu uliosagwa, na sisi watoto wa mtaa mzima tulipikiwa mlenda huo na kusimangwa nao. Tukiingia alitupokea kwa Kigogo, “Mbukwenyi,” tukajibu “Hi, Bibi.” Alitikisa kichwa. “Hawa wamezaliwa wamevunjika ulimi,” alimwambia mama. Hakuwa na hata neno moja la Kiingereza, wala hakulitaka. Moyo wake ulikuwa mbovu, na siku moja nilimsikia akimwambia mama jikoni kwetu, bila kulia wala kunong'ona:

“Kufa siogopi. Naogopa kufia mikononi mwa watu ambao hata maji nitashindwa kuwaomba.”

“Hutaachwa, Bibi,” mama akasema. “Mimi nipo.”

Nilikuwa na miaka kumi. Kiswahili nilikisikia, lakini nilikisikia kwa juu juu, kama redio ya jirani. Wenzangu mnajua hali ile. Mama anasema kwa Kiswahili, wewe unajibu kwa Kiingereza, na kila mmoja anaamini mwenzake amemwelewa.

Jumanne moja ya mwezi wa pili nilishuka basi la shule, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, nikakuta simu inalia. Alikuwa Mama Wanjiru, Mkenya jirani wa Bibi Damari, na nyuma yake nikasikia kelele za watu.

“Upendo? Mamako bado hajafika? Sikiza, niko job, break inaisha. Mwambie Bibi Damari amelazwa. Leo ni zamu yake, yeye anajua ni wapi. Umeshika?”

“Yeah,” nikasema. Akakata.

Nikachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye friji, na kwa Kiingereza changu safi nikaandika: Bibi Damari is sleeping. Nikawasha televisheni.

Mama aliingia saa kumi na nusu, theluji mabegani. Alisoma ile karatasi akashtuka, kwa sababu kwa watu wa kanisa aliyelala anaweza kuwa amelala katika Bwana. “Kalala vipi?” akauliza. Sikuelewa kwa nini sauti yake ilibadilika. Nikalaza shavu kwenye kiganja na kufumba macho, kumwonyesha. Mama akashusha pumzi. Bibi alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba usingizi umemkataa.

“Basi Mungu ashukuriwe,” akasema. “Tusimwamshe. Uji nitampelekea kesho.” Akavua koti. Uji wa zamu aliokuwa ameupika asubuhi tukaunywa sisi wawili, na ulikuwa mtamu, nisiwaongopee.

Asubuhi Mama Wanjiru alipiga tena. Nilimwona mama amesimama na simu sikioni. Kisha akauliza taratibu, “Jana ulimwambia mtoto nini? Neno lenyewe.” Akasikiliza. Akaweka simu chini, akabandua ile karatasi kwenye friji, akaichana vipande vidogo vidogo na kuvitia mfukoni mwa koti. Hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Hakunipeleka shule siku hiyo. Nilikwenda naye hospitali Minneapolis. Mama Wanjiru ndiye aliyempeleka Bibi pale Jumanne mchana, akamwacha mikononi mwa wauguzi na kuwahi shifti, akijua Mama Upendo yuaja. Bibi alikata roho kabla ya saa mbili usiku. Muuguzi wa zamu alikuwa mtu mpole. Alisema mgonjwa aliongea sana jioni ile, akitazama mlango, na wao wakadhani anasali. Mama akamwuliza alisema nini. Muuguzi akajaribu kutamka kile alichokisikia, akashindwa, akaomba radhi.

Bibi alizikwa huku huku, kwenye udongo walioupasha moto kwanza ndipo ukakubali kuchimbika. Wazee walimwomba yule Mzungu wa funguo ruhusa ya kugonga kengele ya juu, pigo moja kwa kila mwaka wa marehemu, kama ilivyokuwa desturi kijijini kwao. Akasema bibi yake aliwahi kumsimulia desturi hiyo, akavuta kamba yeye mwenyewe mara sabini na moja, jasho likimtoka. Jirani mmoja alikuja mbio kuuliza kama kuna moto.

Jumapili iliyofuata baraza la wazee lilikaa baada ya ibada. Watoto walitolewa nje, lakini mimi nilijibanza nyuma ya makoti, na hakuna aliyenifukuza. Mwinjilisti Yona, aliyekuwa kiongozi wetu, alikuwa mtu wa haki, na watu wa haki hawana huruma ya haraka. Elia alikaa mbele yake, bado na nguo za safari.

“Mama Upendo, ujumbe ulikufikia?” Yona akauliza.

“Ulinifikia.”

Mama Wanjiru akadakia, “Mwinjilisti, pengine huyu mtoto hakushika vizuri, mimi nilikuwa na haraka—”

“Mtoto aliniambia kama alivyoambiwa,” mama akasema. “Nilitoka kazini nimechoka. Nikajinyoosha kidogo, nikapitiwa. Aliyelala ni mimi.”

Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Neno moja lingetosha, na kwa mara ya kwanza nililijua neno lenyewe. Sikulisema.

Wakamvua ukatibu. Akarudisha kitambaa cha Chama kikiwa kimepigwa pasi, na jina lake likakatwa kitabuni kwa mstari wa rula. Akakaa benchi la nyuma mpaka Pasaka bila kuikaribia Meza ya Bwana, na mimi nikikaa naye nikihesabu visogo vya watu. Elia hakumsalimia tena. Si kwamba alimtukana. Alipita tu, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba pale alipo mama pana kiti kitupu. Kwenye gari, siku ile ya baraza, mama alikwangua barafu kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaingia na kusema, “Usije ukalisema. Wewe bado mdogo. Maneno ya kanisa yakikushika utotoni, utazeeka nayo.”

Na Kiingereza kikakoma nyumbani kwetu. Kila jioni baada ya kula alinikalisha mezani. “Lala. Lalia. Laza. Lazwa. Rudia.” Nilirudia nikilia, naye hakunibembeleza wala hakupandisha sauti. Hiki Kiswahili mnachokisifia, mkiniuliza nilisomea chuo gani, nilikisomea pale.

Siku hizi hospitali zina mkalimani ndani ya kioo. Unabonyeza, anatokea mtu anakusemea Kiswahili. Na parokia yetu sasa ina jengo lake, kubwa, lenye joto hata chooni. Zamu hatuna tena. Tuna kundi la simu. Mama alipougua mwaka jana niliandika humo: Mama amelazwa. Neno niliandika sahihi, herufi kwa herufi. Mikono ya maombi ikamiminika kwenye kioo mpaka simu ikapata moto, na kitandani tukabaki wawili. Ndiyo, tulikuwa wakali enzi zile, tulimhukumu mwanamke aliyetoka kuwaogesha wazee wa watu kutwa nzima. Lakini alihukumiwa kwa kutokwenda. Leo nani angehukumiwa kwa hilo? Sijui lipi kati ya mawili haya linaniuma zaidi.

Alikufa nimemshika mkono. Kwenye maziko kijana mmoja, katibu wa sasa, alisoma wasifu kutoka kwenye simu yake, anajikwaa kwenye kila neno refu, na sikumcheka. Alisoma kilichomo kitabuni. Kitabuni mama yangu ni muumini wa kawaida, hakuwahi kushika wadhifa wowote. Mzee Elia alikaa safu ya wazee, mvi tupu, anatazama mikono yake. Kijana akauliza kama mtoto wa marehemu ana neno la kuongeza. Kipaza sauti kikaletwa mpaka mbele yangu.

“Hapana,” nikasema. “Asanteni sana.”

Nina miaka zaidi ya arobaini, Kiswahili ninacho chote, na nikanyamaza tena. Mama alinikataza kusema, lakini mama hayupo, na siwezi kuendelea kujificha nyuma ya katazo la marehemu. Najua kurasa hizi ninazowaandikia hupitishwa mkono kwa mkono pale kanisani mpaka kwa wazee.

Mzee Elia, shikamoo. Mama yangu hakulala siku ile. Aliniuliza mama yako yukoje, na mimi nikamjibu vibaya.