Koti na Picha ya Papa kwenye Msumari Mmoja

Nyumba ya Dani, bibi yangu mzaa baba, kule Magunga, ilikuwa na harufu ya samaki mkavu na ya samadi aliyoipaka sakafuni kila Ijumaa. Hata leo nikipita kwa wauza samaki sokoni Migori, namwona pale mlangoni, kitambaa cheupe kichwani, akiniambia nifute miguu nisije nikamletea Papa matope. Ndiyo, Papa. Ukutani, kwenye msumari mmoja tu uliokuwa katika nyumba ile yote, ilining'inia picha ya Baba Mtakatifu wa wakati ule, imekatwa kwenye kalenda ya parokia na kutiwa fremu. Niliiogopa picha ile. Mama yangu alikuwa Msabato wa kushika kwelikweli, na nyumbani kwetu Migori alitufundisha kwamba wazee wa Roma ndio walioibadili siku ya Bwana. Basi kila likizo nilikula nimeigeuzia picha mgongo, na Dani alikuwa akinitania kwamba Papa ananihesabia matonge.

Dani alibatizwa akiwa msichana, kisha akaolewa mke wa pili. Sheria iliyotoka Roma ilikuwa wazi: mwanamke wa namna hiyo hapokei komunyo. Akakaa benchi la nyuma miaka yote ya ndoa yake. Aliimba kuliko wote, halafu wenzake walipojipanga kwenda mbele, yeye akabaki na mikono mapajani. Jamani, jambo hilo linaniudhi hadi leo. Aliyeoa wake wawili ni babu, na babu hata kanisani hakwenda, kwa hiyo hakuna aliyemnyima kitu! Babu alipofariki, padri alimwungamisha Dani na kumrudisha mezani. Nilikuwa na miaka kumi. Nikiwa nje dirishani, nilimwona akirudi kwenye benchi analia na kutabasamu kwa pamoja, nami Msabato mdogo nikaona haya, sijui za nini.

Likizo ya Aprili iliyofuata mvua ilichelewa, na ilipokuja ilikuja na maneno. Kwa desturi yetu mjane hurithiwa na mwanamume wa ukoo wa mumewe, na kabla hajarithiwa hapandi mbegu. Mama asipopanda, wanawe nao hawapandi. Atakayekiuka anajiletea chira, laana inayodhoofisha watoto mmoja mmoja. Baba yangu na ndugu zake walishinda wakitazama udongo uliolowa, majembe yameegemea ukuta. Kwa wajane wazee kulikuwa na njia ya upole: shemeji analeta koti lake, linatundikwa nyumbani kwa mjane, na watu wanahesabu kwamba amerithiwa. Mke mkubwa alikuwa amekwisha kulikubali lake. Mzee Okelo, mdogo wake babu, akaleta la Dani, koti la kijivu linalonuka tumbaku.

"Shemeji, ni koti tu," alisema. "Toa hiyo picha siku moja, nitundike. Roma ni mbali, nani atamwambia?"

"Papa amekataza," Dani akajibu. Mzee Okelo aliliacha koti juu ya kiti, akaenda zake akisonya.

Kesho yake asubuhi Dani alikwenda kuteka maji. Nikamsikia baba nje akimwambia ndugu yake kwamba wiki nyingine ikipita bila mbegu, watoto watakula nini mwaka huu. Nami nikawaza kitoto: Papa ni mbaya, mama amesema, koti likitundikwa watu watapanda, na msumari ni mmoja. Nikapanda kiti, nikaitoa picha, nikaisukuma chini ya kitanda, nikalitundika koti. Loo, nilijiona nimeuokoa ukoo mzima! Mzee Okelo alipita, akachungulia, akaanza kuita watu. Dani alipofika na mtungi kichwani, boma zima lilikuwa likimpongeza, na baba alikwisha shika jembe. Akatua mtungi. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, akajua. Hakunichapa, hata kunikaripia hakunikaripia. Alilishusha koti, akalikunja taratibu, akalibeba kwa mikono miwili mbele ya macho ya wote hadi kwa mzee Okelo. "Shemeji, umesahau koti lako." Kisha akalichukua jembe mkononi mwa baba, akaenda shambani kupanda. Baba, uso umemshuka kwa hofu, akaokota kibuyu cha mbegu akamfuata mama yake.

Lakini habari kwamba Dani amerithiwa kwa koti zilifika kanisani kabla ya Jumapili. Katekista alimwambia Dani kwa upole akae nyuma kwanza, mpaka padri aje aamue. Wiki mbili nzima alirudi kwenye benchi lile lile, na aliyemrudisha ni mimi. Hakunitaja kwa mtu yeyote. Padri alipokuja, niliingia katika kanisa ambalo mama alinikataza nisilikanyage, nikasimama mbele yake.

"Ni mimi niliyetundika koti," nikasema. "Dani hakujua."

Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia baba alitaka kupanda. Padri hakucheka. Siku hiyo Dani alikwenda mbele na wenzake, nami nikabaki karibu na mlango nikilia.

Siku hizi nina duka la mbegu mjini Migori, na bado naabudu Jumamosi. Papa mmoja alipofariki na mwingine kuchaguliwa, jirani yangu muuza vitambaa, Mwislamu kutoka Pwani, aliwasha televisheni yake, tukasimama sote kuutazama moshi mweupe. "Mama, hivi mzee huyu ana faida gani kwa watu wa huku?" akaniuliza. Nikakumbuka ya kwetu. Shule aliyosoma baba ilijengwa na watu waliotumwa kwa jina la mzee huyo, na humo humo baba alichapwa kwa kusema Kijaluo. Neno la Roma lilivuka bahari likamweka Dani nyuma kwa ndoa ambayo hakuipanga yeye; hilo sijalisamehe. Na siku ya koti, neno hilo hilo ndilo aliloshikilia. Miaka michache kabla hajafa nilimwuliza, "Dani, kama Papa asingekataza, ungelikubali lile koti?" Alicheka mpaka akakohoa.

"Koti lile na tumbaku yake? Ningekataa, mjukuu wangu. Lakini nani angenisikia?"

Mwaka jana binti wa ndugu yangu, Msabato kama mimi, alifiwa na mumewe aliyekuwa mchimba dhahabu kule Osiri. Wazee wakaja na koti, maana siku hizi hata wajane vijana huletewa koti tu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimejiandaa kumsaidia. Akasema hataki.

"Nani amekukataza?" mmoja akauliza.

"Mimi," akajibu.

Wakamaliza chai yao, wakaondoka na koti lao. Nilitoka nje nikalia, maana nilitamani Dani angekuwepo amsikie mtoto huyu.