Bwana Marudio

Shemeji yangu ana tabia moja aliyokuwa nayo kabla hata hajaijua kompyuta: hakuachi umalize kusema. Mama mkwe alikuwa akisimulia kwamba darasa la pili mwalimu alimwuliza, "Ukiwa na machungwa sita, halafu ukampa mwenzako..." naye akadakia, "Matatu!" kabla hajajua mwenzake anapewa mangapi. Familia nzima ilikuwa ikiangua kicheko. Mimi nimeolewa katika familia hiyo, nami nikacheka nao miaka minane. Sasa sicheki tena, na nitasema kwa nini bila kumung'unya maneno.

Yeye ni mdogo wa mume wangu. Alifundisha hesabu sekondari kwa miaka sita, akaacha, akaja kukaa kwetu "kwa wiki mbili tu". Wiki mbili hizo sasa zina mwaka wa tano. Chumba cha nyuma tulichokuwa tukiwekea magodoro ya wageni kikawa ofisi yake: meza ya mbao, kompyuta yenye kibodi iliyong'oka herufi mbili, feni inayopuliza upande mmoja, na mswaki uliochomekwa kwenye kikombe cha kalamu. Hutoka humo kuoga na kuchukua chakula. Akila husimama mlangoni na sahani mkononi huku shingo ameigeuzia ndani, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Humo chumbani anatunza programu ya zahanati. Inaandikisha watoto, inakumbuka nani amechanjwa nini, na kila Jumatatu inatoa orodha ya waliokosa chanjo ili wazazi wao wapigiwe simu. Ni programu huria. Maana yake, alinieleza siku moja nikichambua mchele, ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua, kusoma ilivyoandikwa na kuirekebisha. Zahanati zaidi ya mia moja zinaitumia. Moja naijua vizuri, maana ndiyo ninayofanyia kazi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto.

Haki yake nitampa. Kazi hiyo anaifanya kwa kujitolea, akisaidiana na wenzake wawili walio mbali ambao hajawahi hata kushikana nao mikono. Na watu wanamsumbua kweli. Programu ina ukurasa wake wa taarifa za hitilafu: ukiona kasoro unaandika kichwa, unaandika maelezo, taarifa inapewa namba na inabaki wazi mpaka ifungwe. Lakini nani anafuata hayo? Wanampigia simu akiwa bafuni. Wanamtumia ujumbe wa maneno matatu, "Haifanyi kazi, saidia." Mkunga mmoja alitaka kupiga picha ya kioo cha kompyuta akapiga picha ya kidole chake, na akakasirika alipoulizwa hiki ni nini.

Siku taarifa zilizo wazi zilipofika mia tatu na arobaini, aliamka amenuna na akaanza kufunga. Neno lake lilikuwa moja: "Marudio." Yaani taarifa yako inarudia nyingine iliyokwisha kuandikwa, nenda kasome hiyo. Alisoma kichwa, akabandika "Marudio", akafunga, akarukia ya pili. Mia mbili zilikwenda kwa siku mbili. Mezani akatutangazia idadi huku anajichekea, utadhani kavuna shamba. Watumiaji walimbatiza palepale ukurasani, Bwana Marudio, na badala ya kuona haya, mwenzangu akalipenda jina.

Sasa tuje kwenye taarifa namba 640. Zahanati moja ililalamika kwamba mtoto mmoja anatokea mara mbili kwenye orodha, kwa kuwa makarani wawili wamemwandikisha, kila mmoja na tahajia yake. Kero hiyo ilikuwa ya kweli, nasi tulikuwa nayo. Shemeji akaitengeneza. Toleo jipya likikuta watoto wawili wenye mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa na simu moja, linamchukua wa kwanza na kumwacha wa pili. Watu wakamshukuru, nami nikiwemo. Nilimpikia maandazi.

Haukupita mwezi nikaona kitu. Mama mmoja mwenye saluni alikuwa na pacha wavulana, wote wawili wamekosa chanjo, lakini orodha ilinipa mmoja. Nikahesabu upya. Mmoja. Nikasema ngoja nifuate utaratibu, nisije nikaambiwa naleta mambo ya ofisi jikoni. Nikaandika taarifa ukurasani kwa mkono wangu, ikapewa namba 712. Kichwa nikaweka: "Watoto wawili, mama mmoja, tarehe moja." Chini yake nikaeleza kwa mistari kumi na minne: hawa ni pacha, ni watu wawili, wa pili anapotea, bonyeza hapa, kisha hapa, utaona mwenyewe. Na wakati nikisubiri nikanunua daftari la jalada jekundu, nikawa naandika pacha wote kwa mkono.

Baada ya saa mbili ilikuwa imefungwa. "Marudio ya 640. Imeshatengenezwa."

Jioni ile nilimfuata mlangoni kwake.

"Shemeji, ile taarifa yangu umeisoma?"

"Nimeiona. Si ile ile ya watoto kutokea mara mbili?"

"Hapana, hii ni ya..."

"Imeshatengenezwa, shemeji. Hapo kwenu hawajaweka toleo jipya vizuri. Waambie waliweke upya, mambo yatakuwa safi."

"Una hakika?"

"Sasa shemeji, mimi nimewahi kukufundisha kuchoma sindano?"

Mume wangu alicheka kutoka sebuleni. Nami, nisiwe mnafiki, nilitabasamu. Toleo jipya likawekwa upya, na daftari jekundu nikalitia kwenye droo, chini ya glavu. Hilo ni kosa langu na simtupii mtu. Foleni ilikuwa ndefu kila siku, na mtu ninayekula naye sufuria moja alikuwa ameniambia imetengenezwa.

Mwezi uliofuata wakaja pacha wengine, wasichana, wa fundi cherehani mmoja. Mama yao hakuweza kuwalea wote wawili na cherehani, kwa hiyo mmoja alikaa naye na mwingine alichukuliwa na bibi, upande wa pili wa mji. Walipotimiza miezi tisa waliletwa wote kwa chanjo ya surua. Yule wa mama akachomwa. Yule wa bibi alikuwa anachemka homa, tukasema apone kwanza.

"Nimrudishe lini?" bibi aliniuliza.

Nyuma yake kulikuwa na akina mama arobaini. Nikamwambia, "Usihangaike na kuhesabu siku, bibi. Tutampigia binti yako simu, naye atakwambia." Nikaandika kwenye kompyuta kwamba mtoto amekosa. Bibi akanishukuru, akambeba mjukuu wake mgongoni, akaenda zake.

Jumatatu ikafika, orodha ikatoka, mtoto hayumo. Jumatatu ya pili hayumo. Nilikuwa nikipiga simu thelathini kwa siku, ningemkumbuka vipi? Mama yake hakupigiwa, akadhani bibi ameshampeleka. Bibi hakuambiwa kitu, akaendelea kusubiri. Wiki ya saba surua ikaingia mtaa wa bibi.

Nilimkuta wodini. Nilikuwa nimepeleka karatasi tu. Mtoto macho yamevimba, midomo imepasuka, upele kuanzia nyuma ya masikio mpaka miguuni. Bibi alinitambua kabla sijamtambua yeye. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Mwanangu," alisema, "nilisubiri simu yenu."

Nilirudi kliniki nikafungua faili. Jina lipo, na mbele yake limeandikwa "amekosa", wala halina utata. Nikafungua orodha zote saba. Dada yake amechanjwa, kwa hiyo hayumo, na yeye programu imemhesabu kuwa ndiye dada yake. Nikavuta droo. Daftari jekundu lilikuwa palepale, safi, na kurasa mbili tu zilizoandikwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na changu nilikuwa nakipakulia wali kila siku.

Nilitembea mpaka nyumbani na sare yangu. Sikubisha hodi.

"Vaa shati."

"Shemeji, kuna nini? Nina taarifa hapa za..."

"Nimesema vaa shati."

Mume wangu alitaka kuuliza, akaniangalia usoni, akaghairi.

Pale wodini nilimsimamisha shemeji kando ya kitanda nikampa simu yangu, taarifa namba 712 ikiwa imefunguliwa.

"Soma. Kwa sauti."

Akasoma. Mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu akainua kichwa. "Ahaa, sasa nimeelewa, kumbe hii ni..."

"Soma mpaka mwisho."

Nilitamani kumzaba kibao mbele ya wagonjwa wote. Akaendelea, sauti ikizidi kupungua, mpaka mstari wa kumi na nne, ambao niliuandika mimi mwenyewe miezi mitatu kabla: "Msiporekebisha, mtoto wa pili hatapigiwa simu kamwe."

Bibi alikuwa amesikiliza yote, kitambaa chenye maji kikiwa mkononi. Akauliza polepole, kama mtu anayetaka tu kuhakikisha, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyesema mjukuu wangu ni marudio?"

Shemeji alifungua mdomo. Jibu lilikuwa tayari kama kawaida yake, nililiona likija. Akaufunga mdomo, na bibi akageuka kumfuta mtoto uso.

Hitilafu yenyewe aliitengeneza kwa siku mbili. Siku mbili! Jumatatu iliyofuata orodha ikaleta watoto kumi na mmoja waliokuwa wamefichika nyuma ya ndugu zao, na niliwapigia wazazi wote kabla ya chai. Hiyo ni kliniki moja. Zahanati nyingine zilizobaki sijui zilipata wangapi, na sijathubutu kuuliza.

Ila mimi sikuridhika na hitilafu kutengenezwa. Nilimketisha mezani, kwenye kiti, maana siku hiyo sikumruhusu kula mlangoni, nikamwambia namna ukurasa wake utakavyokwenda kuanzia hapo. Taarifa ziandikwe mahali pamoja. Anayepiga simu aelekezwe huko, na asiyeweza kuandika aandikiwe. Kabla ya kumwambia mtu kwamba amerudia, zifunguliwe zote mbili kando kando, zisomwe mpaka mstari wa mwisho. Na mtunzaji asifunge. Atengeneze, aseme ametengeneza, kisha angoje. Anayefunga ni yule aliyeifungua, baada ya kujaribu hapo kwake na kuona.

Mmoja wa wale wenzake wa mbali alilalamika ukurasani: watu wengine hawarudi kujibu, taarifa zitajaa. Nikajibu mwenyewe, kwa jina langu la kazi: "Zijae." Shemeji akazifungua upya zile mia mbili, na kila asubuhi husoma kumi. Mpaka sasa amekuta kumi na tisa ambazo hazikurudia chochote.

Mume wangu ananiambia, "Mama watoto, ameshajifunza. Msamehe." Namwambia nimemsikia. Wali nampakulia, maji ya kuoga namtengea, salamu naitikia. Zaidi ya hapo hana anachonidai.

Mtoto alipona. Sikio la kushoto lilitoa usaha wiki nyingi, likakauka. Juzi bibi alimleta kliniki kupimwa uzito. Ameanza kusimama kwa kushika viti, mcheshi, anashika kila kitu. Nilikuwa upande wake wa kushoto, nikamwita jina. Akaendelea kucheza na mnyororo wa mizani. Nikamwita tena, kwa nguvu. Bibi alizunguka akaenda kulia kwake, akamwita kwa sauti ndogo, na mtoto akageuka akicheka.

Jioni ile shemeji alikuja mpaka mlango wa jikoni, mikono mitupu.

"Shemeji, ile 712," alisema. "Orodha zinatoka sawa?"

"Zinatoka sawa."

"Pacha wote wapo?"

"Wote wapo."

Akakuna shingo. "Sasa, kwa ile sheria yetu, mwenye kuifunga ni wewe. Katika zilizokwisha kutengenezwa, ndiyo ya zamani kuliko zote iliyobaki wazi. Nilikuwa nauliza tu."

Nikaweka kisu chini. Nikamweleza habari za mizani na mnyororo, na upande niliosimama, na mara nilizoita, na bibi alivyozunguka. Nikamwambia nitaifunga siku nitakapomwita yule mtoto kutoka kushoto akageuka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja. Kisha akarudi chumbani kwake, nami nikaendelea kukata vitunguu.