Tukimtafutia Mama Nyumba

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipoanza kuuza mali zake, shamba la mkonge alikofanyia kazi marehemu baba liliuzwa kwa tajiri mmoja, na tajiri akataka vyumba vya kambi ya wafanyakazi viwe wazi kabla ya masika. Mama alikuwa amekaa kwenye chumba chetu humo tangu aletwe Kilosa akiwa bibi harusi. Mimi nilikuwa tingo, msaidizi wa dereva wa lori, leo Iringa, kesho Dumila. Shule niliiacha darasa la tano. Mama akaniita nyumbani.

"Wewe si unapenda kuchungulia vya watu? Haya, kachungulie nyumba."

Tulianza Mikumi, kwa sababu ndiko nilikojulikana. Dalali alituonyesha nyumba kando ya barabara kuu, jirani na gesti wanamolala madereva. Bati jipya, bei nafuu. Unafuu wenyewe ukaniwasha. Nikazunguka nyuma, nikakuta sehemu moja tu ya ukuta imepakwa rangi. Nikakwangua kwa ukucha. Chini yake ikatoka nyekundu: mkono mmoja wa ile X wanayochora watu wa barabara kwenye nyumba wanazotaka kubomoa.

"Hiyo ya zamani," dalali alisema. "Wenyewe walishasahau."

"Wakikumbuka, nije kulala kwako?" mama akamuuliza.

Kilosa mjini tukaonyeshwa nyingine, karibu na mto, chokaa nyeupe mpaka macho yanauma. Nilikuwa nimeshajifunza kuogopa kilichopakwa juzi. Nikasogeza kabati. Nyuma yake chokaa haikufika, na mstari wa tope ulikuwa usawa wa kiuno changu.

"Maji huwa yanaingia humu?"

"Mara mojamoja," muuzaji akajibu. "Lakini yakija, yanaondoka."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Mawingu yalikuwa yanaanza kukaa juu ya milima, na kila nyumba ilikuwa imetayarishwa ili tusiione.

Ya tatu ilikuwa nje kidogo ya mji, ya mzee aliyefiwa na mkewe. Humo nilimaliza ujuzi wangu wote. Mchana wa jua kali nilifunga madirisha, nikatazama juu: hakuna tundu hata moja linalopitisha mwanga. Nikagonga kuta kwa ngumi, zikanijibu kwa sauti nzito. Nikaenda chooni, nikarukaruka sakafuni, mwenye nyumba akinitazama kama mwendawazimu. Kila kitu kizima. Mama alishatafuta mawe matatu uani, akayapanga mafiga mahali atakapopikia.

Hapo akaja mama mmoja na ndoo ya maji kichwani. Alikuwa dada wa marehemu mke wa yule mzee.

"Shemeji," akasema bila kutua ndoo, "wageni hawa umewaambia kiwanja ni cha nani?"

"Nyumba nimejenga mimi. Kwa jasho langu."

"Nani kakataa? Basi bomoa matofali yako, ubebe."

Wenyeji wa huku, ardhi hufuata upande wa mama. Yule mzee alijenga kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe. Wenye neno la kuuza walikuwa wajomba wa watoto wake, na hakuna aliyewauliza. Sisi wa kambini, ambao wazazi wetu walitoka mbali na hatukuwahi kuwa na ardhi hata ya kuzikia kuku, tulidhani nyumba ni bati na kuta. Nimezaliwa Kilosa, nimechungulia kila kitu, hilo nikalipita.

"Mzee, nimepiga ngumi ukuta wako mpaka mkono umevimba!" nikamfokea. "Ulishindwa kusema?"

"Uliniuliza mambo ya choo," akajibu.

Mama hakugombana na mtu. Aliyarudisha mawe, moja moja, pale alipoyaokota. "Pole kwa msiba, dada," akasema. Yule mama akatua ndoo, akatuchotea maji ya kunywa.

Tuliporudi kambini jioni, mlango wa chumba chetu ulikuwa umeng'olewa. Vyombo vilikuwepo, kitanda kilikuwepo. Mlango tu ndio haukuwepo. Masika hayajafika hata tone, na tajiri ameshaanza kututoa. Nilizunguka kambi nzima nikitafuta wa kumpiga, nikakuta milango mingine nayo haipo na watu wamekaa nje.

Niliporudi, mama alishatundika kanga mlangoni. Alikuwa amekaa nyuma yake.

"Kesho," akasema toka ndani, "usiguse ukuta wa mtu. Tunaanza na wajomba wenye ardhi."